Vipande Tisa vya Gauni la Nesi

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua, Chapchap alimsaidia shangazi yake, fundi cherehani, kwenye kibanda chao cha kushonea. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, wala halikuwa la kumsifu.

Jumamosi hiyo shangazi alimpa gauni jeupe la nesi. "Linampwaya. Fumua ubavuni tu, nilipunguze. Analifuata saa kumi. Kesho anaanza kazi, na hana jingine." Kisha akaenda kununua vifungo.

Chapchap alichukua wembe, na mshono wa ubavuni uliachia mara moja. Akanogewa. Akafumua mikono, kola, mifuko, mpaka mkanda. Muda si mrefu vipande tisa vilikuwa vimelala mezani.

"Kumbe ufundi wenyewe ndio huu!" akajisemea.

Kuviunganisha sasa, hapo ndipo alipotokwa jasho. Mkono wa kulia aliupachika kushoto, ukakataa kukaa. Kola ikazidi shingo. Alishona, akafumua, akashona tena, karibu alie kwa hasira. Kila kipande kilikuwa kizima, lakini gauni halikuwepo.

Shangazi aliporudi alishika kiuno. "Nani kafanya haya?"

Chapchap alitamani kusingizia panya. "Ni mimi, shangazi."

"Nilisema ubavuni! Masikio uliyaacha kwenye beseni la nguo? Utanitoa roho, we mtoto! Haya, uliweka alama za chaki?"

"Alama za nini?"

Shangazi alishusha pumzi ndefu. "Kaa hapa."

Alimwonyesha vitundu vya sindano vya zamani, na mikunjo iliyoachwa na mishono ya awali. Wakatafuta vitundu vinavyolingana, wakabana kwa pini, ndipo wakashona. Mkono wa kushoto uliwasumbua mara tatu. Nesi alifika saa kumi, akanuna kwenye benchi mpaka saa kumi na mbili kasoro. Alipolivaa, lilimkaa sawasawa, akaondoka bila hata kuaga.

"Umemwona?" shangazi alisema. "Kufumua kunataka wembe tu. Kuunganisha kunataka ujue kila kipande kilikuwa jirani ya nani. Usipoweka alama mapema, utautafuta ujirani huo kwa machozi, na mteja amekukalia kooni."

Akamtupia suruali ya kupunguza. Chapchap aliupita wembe mezani bila kuugusa.

"Shangazi," akauliza, "chaki iko wapi?"