Maharage Ishirini na Nane

Kila asubuhi Katarina alitoka nyumbani kwao, mtaa wa Cheyo mjini Tabora, na matobolwa kwenye mfuko wa sketi, na kila asubuhi yalifika shuleni nusu. Kabla ya kutoka alikuwa ameshafagia uwanja, amechota maji ndoo mbili na kumnywesha mdogo wake uji. Mama yake alimfungia vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akamwambia avile saa nne, wakati wa mapumziko. Lakini penye kivuko cha reli alikuwa akisubiriwa na Martha.

Martha alikuwa Mgogo. Baba yake, Gerson, alikuwa fundi wa reli, na familia ilikaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Katarina alikuwa Mnyamwezi. Kwa hiyo walikuwa watani, kama mababu zao tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo kwenda pwani na kurudi, wakipita Ugogo na kulipa ushuru wa maji na njia. Utani una ruhusa zake. Mtani anaweza kukunyang'anya kitu au kukusema mbele za watu, na wewe hukasiriki. Unangoja zamu yako.

"Ushuru wa njia," Martha alisema, mkono wake tayari umo mfukoni mwa Katarina.

"Hapa ni Tabora. Njia ni yangu."

"Na maji mliyokunywa kwetu? Mpaka leo hamjalipa."

Wakifika darasani, ilikuwa zamu ya Katarina. Alichukua rula ya Martha akakaa nayo siku nzima, na Martha akapiga mistari yake kwa ukingo wa daftari. Walikaa dawati moja, la mbele kabisa. Wengi walidhani Martha anapenda kukaa mbele ili asifiwe na walimu. Ni Katarina tu aliyejua kwamba macho ya rafiki yake hayaoni mbali. Kuanzia dawati la tatu kwenda nyuma, Martha aliona ubao kama meza iliyomwagikiwa unga. Hospitali walishampima, miwani ilikuwa bado haijafika, na mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa umebaki miezi miwili. Martha hakutaka watu wajue. Alisema wataanza kumwita kipofu.

Jumatatu moja Mwalimu Advera, mwalimu wao wa darasa aliyehamia shuleni muhula huo, alifundisha tawala za dunia. Alieleza habari za mfalme mmoja wa Ufaransa aliyetawala zaidi ya miaka sabini, akiamua peke yake vita, kodi, na hata nani asimame karibu na kitanda chake anapoamka. Darasa lilicheka. Kisha akaeleza habari za Athene ya kale, ambako raia walikutana wakaamua mambo yao kwa kunyoosha mikono au kwa vijiwe vya kura. Utawala wa kwanza unaitwa wa kiimla, alisema, na wa pili ni demokrasia. Halafu akasema maneno hayo wanaweza kuyakariri na bado wasiyaelewe, kwa hiyo wiki hiyo wataishi ndani yake.

Alileta kibuyu chenye maharage mekundu arobaini na nne na jeusi moja. Atakayetoa jeusi atatawala darasa hadi Alhamisi. Atapanga nani akae wapi, nani afagie na nani aandikwe kwenye orodha ya wakorofi, na hakuna atakayeruhusiwa kumlalamikia. Ijumaa darasa lingejiamulia kwa kura. Mwalimu mwenyewe angetazama tu.

Harage jeusi lilitoka mkononi mwa Katarina.

Saa ya kwanza aliona aibu. Saa ya pili Shamila, msichana ambaye kila mtu alitaka kuwa rafiki yake, alimkumbatia shingoni na kumwambia kwamba mtawala hakai na watu wa kawaida. Dawati la mbele lina upepo wa dirisha, alisema, na yeye anaumwa kichwa kule nyuma. Katarina hakuwahi kukumbatiwa na Shamila. Alisimama, akamnyooshea Martha kidole.

"Mtani, chukua mizigo yako. Nenda kaone nchi ya nyuma ilivyo."

Darasa liliangua kicheko, na Martha naye akacheka. Lakini alipopita karibu na Katarina alimnong'oneza kwamba kule haoni ubao. Katarina alimjibu kwa sauti ndogo kwamba ni utani tu, avumilie siku nne.

Jumanne Martha aliingoja zamu yake, kama utani unavyotaka. Katarina alipoingia baada ya mapumziko, Martha alisimama kule nyuma akapiga saluti na kusema, "Tusimame jamani, anaingia mfalme wa matobolwa. Taji lake mama yake bado amelianika juani."

Kicheko cha darasa kilikuwa kikubwa kuliko cha jana. Katarina alihisi masikio yakimwaka. Siku nyingine angecheka mpaka machozi, maana utani ulikuwa mzuri. Siku hiyo alimtazama Shamila, akaona naye anacheka, akachukua chaki na kuandika jina la Martha kwenye orodha ya wakorofi. Adhabu ikawa kuosha vyoo peke yake hadi Alhamisi. Sadiki, mvulana mpole wa dawati la pili, alisema taratibu kwamba hao ni watani, huo si ukorofi. Katarina akaandika na jina la Sadiki.

Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu. Kila mtu akaanza kutafuta faida yake. Mmoja aliomba asifagie, mwingine akaomba kukaa karibu na mlango, na Katarina aliwapa, kwa sababu kutoa kulimfanya ajione mkubwa. Martha aliosha vyoo. Darasani aliinama juu ya daftari na kuandika alichosikia. Alhamisi lilipokuja jaribio la hesabu, lililoandikwa ubaoni, alipata mbili kati ya ishirini. Mwalimu Advera alimtazama kwa muda mrefu alipomrudishia karatasi. Lakini alikuwa ameahidi kutazama tu, akaishika ahadi yake.

Ijumaa kibuyu kilirudi. Kila mwanafunzi alipewa punje ya mahindi na harage. Swali lilikuwa moja, kama madawati na zamu virudi kama zamani au vibaki kama vilivyo. Mahindi ni kurudi, maharage ni kubaki. Kabla ya kura mtu yeyote aliruhusiwa kusema, na Martha alisimama.

"Sioni mbali," alisema. "Nikikaa huku siwezi kusoma ubao. Naomba nirudi mbele."

Kisha sauti moja upande wa Shamila ikasema kwamba Mgogo ameanza tena utani wake, na watu wakacheka, kwa kuwa wiki nzima walikuwa wamezoea kumcheka.

Katarina angeweza kusimama. Alikuwa mtu pekee mle ndani aliyejua kwamba Martha anasema kweli. Lakini akisimama angelazimika kueleza kwamba alijua hata Jumatatu, alipomhamisha. Alikwenda kwenye kibuyu, na mkono wake ulipokuwa ndani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, uliachia harage.

Mwalimu alimwaga na kuhesabu. Mahindi yalikuwa kumi na saba. Maharage yalikuwa ishirini na nane.

"Darasa limeamua," alisema Mwalimu Advera, ingawa sauti yake haikuwa na furaha.

Martha hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza swali la somo, "Mwalimu, wengi wakisema ninaona, basi nitaona?"

Mwalimu alianza kuzirudisha punje kibuyuni, moja moja. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, na wanafunzi wakatoka.

Jumatatu hakukuwa na mtu penye kivuko cha reli. Jumanne pia hakukuwa na mtu. Siku hiyo jioni Katarina alikwenda kwenye nyumba za wafanyakazi. Alimkuta Gerson barazani, ametoka kazini Kaliua na bado amevaa nguo za kazi. Siku zote mzee huyo alimpokea kwa kumwita mpagazi na kumuuliza mzigo ameutua wapi. Katarina alimsalimia shikamoo. Gerson akajibu marahaba, akamwonyesha kiti, basi. Katarina alitamani atukanwe kuliko kupokelewa kwa adabu ile.

Gerson alimweleza kwamba Martha hataki kurudi. Amesema ataenda kwa shangazi yake Dodoma. Jina lake limeshasajiliwa hapa kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo akihama atapoteza mwaka mzima, na yeye kama baba hajui amlazimishe au amwache.

"Ilikuwa utani, baba," Katarina alisema, na hata yeye aliusikia uongo ule ulivyo mwepesi.

Gerson alivua kofia akaiweka gotini.

"Mimi nimetaniana na Wanyamwezi tangu nimekuja hapa. Wamenichukulia kuku. Wamelala kwenye jeneza la marehemu baba yangu, wakakataa tusizike mpaka tuwape kitu, na katikati ya msiba nikacheka. Utani ni njia ya kwenda na kurudi, mwanangu. Wewe unanipiga, mimi nakurudishia. Siku mwanangu aliporudisha, ulimpeleka kuosha vyoo. Ukishika fimbo na mwenzio hana kitu, hapo hakuna mtani tena. Kuna bwana na mtumwa wake."

Katarina aliinuka. Aliaga. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, na alijua Martha yuko nyuma yake, anasikia.

Kesho yake, somo la historia lilipoanza, Katarina alisimama kabla ya kuitwa. Alisema kwamba alijua habari za macho ya Martha siku zote. Alimhamisha ili ampendeze Shamila, na alimwadhibu kwa sababu alichekwa. Mwisho akasema kwamba Ijumaa alitia harage. Hakuna aliyecheka. Shamila aliinamisha kichwa akakwangua dawati kwa ukucha. Mwalimu alimwambia Katarina akae, akafunga kitabu. Mchana huo yeye mwenyewe alikwenda kwenye nyumba za reli, na alichozungumza na wazazi wa Martha hakukisema darasani.

Alhamisi Martha alikuja na baba yake. Mwalimu Advera alikuwa ameshaliweka wazi dawati la mbele. Alimwelekeza Martha akae, kisha akasimama mbele ya wote.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Niliwapa somo nikasahau kwamba ninyi ni watoto wa kweli, na maumivu yenu ni ya kweli. Nilimwona mwenzenu akiumia nikasema nimeahidi kutazama tu. Nisameheni. Martha, nisamehe."

Wanafunzi walitazamana. Hawakuwa wamewahi kumsikia mwalimu akiomba msamaha.

"Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita mliona utawala wa mtu mmoja. Katarina si mtoto mbaya. Aliharibika kwa siku mbili tu, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kumwambia hapana. Aliyemwambia aliandikwa, na waliobaki wakakaa kimya wakagawana faida. Hivyo ndivyo mtawala wa kiimla anavyosimama. Hasimami kwa miguu yake peke yake. Halafu Ijumaa tukapiga kura, na mkadhani mkishapiga kura basi hiyo ni demokrasia. Hata Athene niliyowasifia, wanawake na watumwa hawakuwa na kura, na wengi wakaona sawa. Wengi wanaweza kuonea pia. Kura ni ya kuchagua kiranja, au kuamua tupande miti gani. Haki ya mtoto kusoma haiingizwi kwenye kibuyu. Hiyo inakuwapo kabla ya kura, na kura ikiigusa, kura hiyo haina nguvu. Maharage yangekuwa arobaini na nne, bado dawati hili ni la Martha."

Sadiki aliuliza kama basi kupiga kura hakuna maana. Mwalimu alimjibu kwamba kuna maana kubwa, ila mtu asiende kwenye kibuyu na punje peke yake. Aende na ukweli anaoujua, na aseme kabla hajapiga.

Siku hiyo darasa liliandika sheria tatu, wakazibandika ukutani. Yeyote anayeongoza anaweza kulalamikiwa. Anayelalamika haadhibiwi kwa kulalamika. Na kabla ya kura, mwenye shida asikilizwe mpaka amalize. Vyoo vya wiki hiyo viliwekwa katika zamu ya Katarina, kwa ombi lake mwenyewe, naye akaanza papo hapo.

Wakati wa mapumziko darasa lilibaki na watu wawili. Martha alikuwa ananakili hesabu za siku alizokosa. Katarina alisimama pembeni ya dawati lao la zamani, mikono yake bado inanuka dawa ya vyoo, akamwomba msamaha. Hakusema kwamba ilikuwa utani.

"Nimesikia," Martha alisema. "Hata juzi nyumbani nilisikia."

"Unaweza kunisema chochote. Mbele ya wote. Sitakasirika."

Martha aliiacha kalamu, akafikiri.

"Bado, Katarina," alisema mwishowe. Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake; siku zote alimwita mtani. "Labda utani utarudi. Sasa hivi nataka kusoma tu. Sogea kidogo, umeziba ubao."

Katarina alisogea.