Mbu Waliojipanga Mstari

Kikaango kilimpata Tofali juu ya jicho la kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ubondia alianguka bila kujua nani kampiga.

Alikuwa ameingia sokoni kutafuta kamba ya kurukia, basi. Kwenye safu ya wauza vyombo akakuta wachukuzi wawili wakigombea njia ya mikokoteni yao, mmoja amemkaba mwenzake mpaka ulimi uko nje. Tofali hakuwa mtu wa kupita ugomvi kimyakimya. Alimnyanyua yule mkabaji kwa mkanda wa suruali akamtupa pembeni, na pembeni palikuwa na mnara wa sufuria mpya, zimepangwa kuanzia kubwa mpaka ndogo. Mnara ukaporomoka kwa kishindo kilichogeuza vichwa vya soko zima. Kilichofuata ni kikaango.

"Inuka!" sauti ya mwanamke ilimwamrisha. "Inuka nikuongeze!"

Tofali alifumbua jicho moja, maana la pili lilijaa damu. Aliyesimama juu yake alikuwa mwembamba, gauni la njano, kitambaa chekundu kichwani, hereni kubwa za duara zikicheza kwa hasira. Watu wa sokoni walimwita Kengele, kwa sababu akiita mteja hata wa ng'ambo ya barabara hugeuka.

"Dada, unajua umempiga nani?"

"Nimempiga aliyebonyeza sufuria zangu. Kwani kuna mwingine?"

Wale wachukuzi walishasahau ugomvi wao, wanacheka huku wameshikana mabega. Tofali naye akaanza kucheka, bado amekaa chini, damu inamtiririka shavuni. Alishapigwa na wanaume wenye vifua vipana kama makabati, lakini hakuna aliyewahi kumpiga kisha akabaki anamtazama hivi, kama anayesubiri jibu.

"Nitazinyoosha," alisema. "Zote. Kesho nakuja na nyundo."

"Na usipokuja?"

"Kikaango unacho."

Akaja kweli. Akakaa kwenye kigoda cha chini, mtu mzima na mwili wake ule, akagonga sufuria moja moja mpaka zikakaa sawa. Akaja tena siku ambayo hakuna sufuria iliyobonyea. Baada ya hapo simu ndiyo ikawa kazi.

"Unafanya nini, Malkia wa Masufuria?"

"Natafuta kifuniko kilichopotea. Wewe je?"

"Nimelala namuwaza aliyenipasua. Jicho linataka kupigwa tena."

"Lete kichwa kesho, mpenzi. Sitakunyima."

Wakapendana bila kificho. Tofali akipigana ulingoni, Kengele hukaa safu ya mbele na kupiga kelele mpaka mwamuzi anamwomba anyamaze.

Ila Tofali alikuwa na ubaya wake, na ubaya huo uliingia kwa sindano. Kocha wake alikuwa akimdunga pajani dawa ya kukuza misuli. Shingo ilinenepa, na hasira ikanenepa pamoja nayo. Siku moja simu ya Kengele ilikuwa imeisha chaji tangu asubuhi. Jioni Tofali alifika chumbani kwake, akamuuliza alikuwa na nani, na hakungoja jibu. Ngumi ilipita karibu na sikio la Kengele, ikatoboa ubao wa mlango, ikatokezea upande wa pili.

Tofali aliuchomoa mkono umejaa vibanzi, umechanika, akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kengele hakulia.

"Leo umekosa," alisema. "Siku nyingine hutakosa. Nisikilize vizuri, mpenzi. Chagua zile sindano au mimi. Siku nikiona tundu la sindano mwilini mwako sitauliza mara mbili. Nitaondoka, na atakayekuja kuzungumza na wewe ni kaka."

Kaka yake alikuwa na bucha, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Mtu wa maneno machache na kisu kirefu. Alishafukuza wake wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hawakumzalia. Yule wa kwanza sasa ana mapacha kwa mume mwingine. Mtaa mzima ulilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya kisu kile.

Tofali aliapa mambo mawili: hatadungwa tena, na ngumi yake haitatoka nje ya ulingo. Alikwenda kumwambia Kocha basi. Kocha alimtukana, akamrushia glavu usoni mbele ya vijana wote wa mazoezi. Tofali alikunja ngumi, akaikunjua, akaondoka zake.

Ndipo wakaanza kuzungumza ndoa.

"Mimi nataka nyumba yenye kelele," Kengele alimwambia siku moja, kichwa chake kimeegemea bega lake. "Watoto wanaogombana, wanaovunja vikombe. Kwa kaka nimekulia kimya kitupu, mpaka unasikia saa ya ukutani."

"Utazipata kelele," Tofali alimjibu, na wakati huo aliamini anachosema.

Aliacha kuamini hospitalini. Daktari aliyempima afya kabla ya pambano alisikia habari za ile dawa, akashauri apimwe na mbegu za uzazi. Majibu yalipotoka, daktari alifunga mlango kwanza.

"Ni chache sana," alisema, "na hizo chache zinakwenda kama zimelewa. Ile dawa iliudanganya mwili wako kwamba kazi imekwisha, mwili ukaacha kuzitengeneza. Umeacha kudungwa, na hiyo ndiyo tiba kubwa. Wengi mbegu zao hurudi, lakini ni suala la miezi, pengine mwaka na zaidi. Wengine hazirudi kabisa."

Alimwandikia vidonge, akamkataza sigara na kuoga maji ya moto sana, akamwambia alale vya kutosha.

"Usingizi sina, daktari. Tangu niache zile sindano nalala macho."

"Basi kuna tiba ya sindano nyembamba, ile inayoitwa akupancha. Wapo wanaosema imewasaidia, ingawa ushahidi wake kwa mbegu bado mdogo. Ukienda, iwe nyongeza tu. Vidonge vyangu usiache."

Tofali alishuka ngazi za hospitali, akasimama nyuma ya jengo, akaupiga ukuta mpaka ngozi ya vidole ikabaki ukutani. Angemwambiaje Kengele? Wanaume wangapi amewalaza chini, watu wanamshangilia, na jambo analoweza mchukuzi yeyote wa sokoni linamshinda yeye. Aliona afadhali afe kuliko kulisema.

Mama wa sindano zile nyembamba alikuwa na chumba ghorofani, juu ya duka la kinyozi, mwisho wa korido yenye mafundi simu na washonaji. Alikuwa mwanamke wa makamo, koti jeupe, miwani imening'inia kifuani. Alipofungua pakiti ya sindano, Tofali alirudi nyuma hatua nzima.

"Umevunja watu pua," mama alisema, "halafu unakiogopa kitu chembamba kama unywele?"

"Ngumi naiona ikija, mama."

"Lala, mwanangu. Mtoto sikuahidi. Nakuahidi usingizi, mengine utayajua kwa daktari wako."

Alimchoma chini ya kitovu, kwenye miundi, kwenye vifundo vya miguu. Tofali alisikia uzito fulani unaenea mwilini, kisha hakusikia kitu tena, mpaka alipoamshwa anakoroma. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kwa siri kila wiki, vidonge amevificha ndani ya glavu kuukuu.

Halafu likaja pambano gumu. Alipasuliwa mdomo, akapigwa mbavu mpaka akatema damu kwenye ndoo, lakini akashinda. Kesho yake Kengele alikuja kumkanda kwa maji ya moto. Alifunua shati, akaanza na mbavu, mkono ukashuka. Ukasimama.

"Nini hivi?"

Chini ya kitovu palikuwa na vidoa vyekundu, vidogo sana, kimoja kimezungukwa na wekundu wa damu iliyovilia.

"Mbu," alisema Tofali.

"Mbu?" Kengele alikunja mguu wa suruali. Muundi nao ulikuwa navyo. "Mbu wanaojipanga mstari? Mbu wamekuja na rula?"

"Kengele, mpenzi..."

"Ni sindano au si sindano?"

"Ni sindano. Lakini siyo zile."

"Basi ni zipi?"

Tofali alifungua mdomo. Neno lilifika kwenye ulimi na likakwama hapo. Kengele alimsubiri, na alimsubiri kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ameahidi. Kisha akalichukua beseni la maji ya moto akalibamiza ukutani, maji yakamrukia Tofali mapajani akapiga ukelele.

"Uliapa umenishika kwa mkono wako!" alilia. "Mkono uleule uliotoboa mlango wangu!"

Akatoka. Simu hakupokea, na alipochoka kuisikia ikilia akampa kaka yake.

"Piga tena," mwenye bucha alisema kwenye simu, taratibu. "Piga mara moja tu, nije nikuchune."

Tofali hakupiga tena. Akawa anakwenda kwa mama wa sindano kama anayekwenda msibani, na hakujua kwamba sasa anafuatwa. Kengele alitaka kumjua kwa macho yake huyo anayemdunga mpenzi wake, na kaka yake alitaka kumvunja.

Mlango haukubishwa. Uliruka na bawaba zake. Tofali alikuwa chali kitandani, kifua wazi, sindano zimesimama tumboni na miguuni, na kabla hajainua kichwa mkono mzito ulishamkaba koo.

"Usimguse!" mama wa sindano alipiga kelele. "Ana sindano mwilini!"

Mwenye bucha hakusikia. Ngumi ya kwanza ilifungua upya ule mdomo uliopasuka. Ya pili ilitua kwenye mbavu zilezile, na Tofali akasikia kitu kinalia ndani. Mama alijipenyeza katikati, akazichomoa sindano moja moja haraka haraka, huku anasukumwa na bega. Tofali angeweza kummaliza mtu yule kwa pigo moja, na mikono yake ilijua hivyo. Aliushika ukingo wa kitanda kwa nguvu zote mpaka vyuma vikalia, akapigwa.

"Pigana!" mwenye bucha alimfokea. "Pigana, mwanamume!"

"Sipigani na wewe, shemeji."

Kelele ziliwavuta watu. Korido ikajaa mafundi simu, washonaji, na kinyozi mwenyewe na mkasi wake. Kengele akapita katikati yao, gauni lake la njano limechafuka, macho mekundu.

"Mwache, kaka. Nataka aseme." Akamgeukia mama wa sindano. "Unamdunga nini huyu?"

"Siri ya mgonjwa siitoi," mama alijibu, anahema. "Hata mkinivunjia na dirisha."

Basi alibaki Tofali. Alitazama korido iliyojaa watu waliokuwa wakimshangilia ulingoni. Alimtazama Kengele, akaona kwamba akinyamaza safari hii, hatamwona tena maishani.

"Mbegu zangu ni chache," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu, damu inaruka mdomoni. "Nasema mbegu zangu ni chache! Dawa ya Kocha ndiyo iliyozimaliza, na niliiacha siku ileile niliyokuapia. Hospitali natibiwa. Hizi hazina dawa ndani, ni sindano tupu za kunisaidia. Natafuta mtoto, Kengele. Mtoto wako."

Halafu kinyozi akaguna, akaangua kicheko.

"Kumbe Tofali lenyewe bichi!"

Kiatu cha Kengele kilimpata kinywani kabla hajamaliza kucheka. Cha pili alimpiga nacho akiwa amekishika mkononi, mara tatu, kisogoni, mpaka ngazi zikampokea. Korido ilikuwa tupu kabla hajavaa viatu vyake.

Alirudi akapiga magoti kando ya kitanda, akampangusa Tofali damu kwa kile kitambaa chekundu.

"Mjinga wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema unataka nyumba yenye kelele."

"Nilisema kelele. Sikusema zitoke wapi."

"Daktari anasema huenda mbegu zisirudi."

"Basi kelele tutapiga wenyewe. Sauti ninayo." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nioe upesi, kabla na macho hayajavimba. Na ukinificha kitu tena, kikaango bado kipo."

"Nitakuoa. Hata kesho."

Mama wa sindano alimgusa Tofali mbavu, akasema moja imevunjika, waende hospitali sasa hivi. Kengele akamshika kiuno, wakaanza kutoka polepole. Ndipo walipomwona mwenye bucha. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, damu ya shemeji yake bado iko vidoleni, anakiangalia kisahani cha sindano zilizotumika alichokitoa chumbani.

"Zinauma?" alimuuliza mama.

Mama alivaa miwani yake, akamtazama.

"Kidogo. Lakini hatuanzii hapa. Anza hospitali, upimwe. Ukitoka huko uje, na kwanza mlango wangu uutengeneze."

Mwenye bucha aliitikia kwa kichwa. Tofali alitaka kupita, Kengele akamzuia kwa mkono, kwa sababu kaka yake alikuwa bado ana jambo mdomoni na halitoki.

"Kengele," alisema mwishowe. "Namba ya wifi yako unayo bado?"

"Wifi yupi, kaka?"

Alijifuta vidole kwenye suruali, akajifuta tena.

"Wote wawili."