Jiwe Lililogeuzwa Kaltenscheid

Mwalimu mstaafu Leonhard Pauly alikutwa amekufa asubuhi ya Jumamosi moja ya Oktoba 1983, kwenye malisho yaliyo magharibi ya kijiji cha Kaltenscheid. Kichwa kilikuwa Ubelgiji, miguu Ujerumani. Katikati palisimama jiwe la mpaka, fupi, la kufika magotini. Kisogo chake kilikuwa kimepasuliwa kwa kitu kizito cha chuma.

Maiti iliyolala nchi mbili ilileta askari wa nchi mbili. Upande wa Ujerumani alikuja Inspekta Annegret Thelen, mzaliwa wa kijiji cha jirani, mwanamke asiyependa kuharakishwa. Upande wa Ubelgiji alikuja Sajini Noël Warlimont, ambaye kabla hajavua glavu alikwisha kumpata mwuaji.

"Ni Servais, mkulima wangu wa huku," alisema. "Juzi baani alimwambia marehemu mbele ya watu: ukiligusa jiwe lile nakuvunja shingo. Na leo ndiye aliyeiona maiti kwanza. Unataka nini tena?"

"Nataka hicho chuma," alijibu Annegret.

Alisimama upande wake, ukungu ukimfika kiunoni, akalitazama jiwe. Herufi B ilimkodolea macho, udongo mbichi umejaa kwenye mikunjo yake. Majani kulizunguka yalikuwa yamekatwa kwa mapande na kurudishwa vibaya. Mtu alikuwa amelichimbua jiwe lile na kulisimika tena, mbio mbio.

Sababu ya ugomvi ilijulikana na kila mtu. Kaltenscheid iliwahi kuwa ya Wafaransa, kisha ya Prussia, ikahamishwa wilaya mara tatu bila nyumba hata moja kusogea. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, reli inayopita mashariki ya kijiji ilipewa Ubelgiji pamoja na tuta lake, kijiji kikabaki kama kisiwa: Ubelgiji mbele, Ubelgiji nyuma. Mwaka 1949 Wabelgiji wakausogeza mpaka wa malisho na kusimika mawe mapya. Mwalimu Pauly, aliyekuwa akiandika historia ya kijiji, alishikilia kwamba jiwe hili lilikosewa mahali. Jumatatu wapimaji wa nchi zote mbili walikuwa waje kulichimbua. Mwalimu akishinda, Servais angepoteza ukanda wa malisho.

Servais alihojiwa jikoni kwake, mikono yake mikubwa juu ya meza.

"Nilisema nitamvunja shingo, ndiyo. Hata mke wangu namwambia hivyo, na mwakani tunatimiza miaka thelathini ya ndoa."

"Jiwe ulilichimbua wewe?"

"Nilichimbue la nini, Inspekta? Naliona kwa dirisha hili tangu lisimikwe. Kila nikinywa kahawa, B yangu ile pale inanitazama."

Annegret alisogea dirishani. Ukungu ulikuwa umeondoka. Alitazama jiwe, kisha akamtazama Servais.

"Hebu njoo uisome."

Mkulima alikunja macho. "Mbona… hiyo ni D!"

Mshangao ule haukuwa wa kuigiza. Kila herufi hutazama nchi yake: D ni ya Ujerumani, na Ujerumani ilikuwa upande wa pili. Jiwe lilikuwa limegeuzwa.

"Limegeuzwa, basi," alisema Warlimont walipotoka nje. "Kwenye ukungu, mtu yeyote angekosea."

"Mtu yeyote angepapasa herufi kwa vidole. Huyu alipapasa, akaiweka B alikozoea kuiona. Twende relini."

Kwenye kivuko cha reli aliishi Lambert Krings, mlinzi wa geti, mwenye umri wa miaka hamsini na sita. Kando ya tuta mawe ya mpaka yalijipanga kama meno. Annegret alipita akiyatazama. Huku Ubelgiji ni reli yenyewe, kwa hiyo kila B ilitazama mashariki, kama ile ya jiwe lililogeuzwa.

"Karibu, Inspekta," alisema Lambert. "Masikini Leonhard. Tulisoma darasa moja na mdogo wake, Mathes."

"Yule aliyekwenda Amerika?"

"Ndiye huyo." Alijibu haraka mno.

"Bwana Krings, mtaimbo wako wa kunyanyulia mataruma uko wapi?"

"Umepotea. Tangu kiangazi."

"Ala! Na hii alama mbichi ukutani, ulipoegemezwa?"

Lambert alisogea, akaikinga alama kwa bega.

Annegret aliamuru jiwe lichimbuliwe siku hiyo hiyo. Warlimont aligoma: jiwe la mpaka haliguswi bila ruhusa ya tume ya nchi mbili.

"Tume inakuja Jumatatu," alisema.

"Kuna mtu ameua ili Jumatatu isifike. Sajini, mimi nachimba upande wangu. Wewe ukitaka, nikamate nikivuka."

Warlimont aliguna, akavua koti, akashika sepetu.

Lambert aliletwa, akasimama kati ya askari wawili. Jiwe lilipolazwa na kina kikafika kiunoni, sepetu ya Warlimont iligonga kitu, naye akaacha kuchimba. Lilikuwa fuvu. Karibu yake, bizimu ya mkanda yenye herufi M na P.

"Alikuwa rafiki yangu," alisema Lambert kabla hajaulizwa.

"Eleza."

"Tulikuwa tunavusha kahawa ya magendo, masika ya 1949. Askari wa forodha wakafyatua risasi, Mathes akapigwa tumboni. Tukajitupa kwenye shimo hili, lilikuwa limechimbwa tayari kwa ajili ya jiwe. Alikuwa analia kwa sauti. Wao wako hatua chache tu! Nikamziba mdomo. Nikamziba… walipoondoka, alikuwa ameshakata roho. Nikachimba chini zaidi, nikamfukia. Asubuhi mafundi wakasimika jiwe juu yake."

"Na habari za Amerika?"

"Nilizitunga mimi. Nilidhani mama yake atapumzika."

"Na Leonhard?"

"Nilitaka kuihamisha mifupa kabla ya wapimaji. Akatokea kwenye ukungu kulipokuwa kunapambazuka, alikuja kupima mpaka kwa hatua zake. Akaiona bizimu. Akaniuliza, 'Lambert, huyu ni nani?' Wallahi hakupiga hata kelele. Aliniuliza tu."

"Ungemjibu," alisema Annegret.

Lambert alinyoosha mikono, akafungwa pingu.

Mifupa ilikuwa imelala nusu huku, nusu kule. Warlimont aliitazama, akapangusa paji la uso.

"Andika imekutwa kwenu, mama yake amzike," alisema. "Tume nitapambana nayo mimi."

Bibi Odilia Pauly, mama wa Leonhard na Mathes, alikuwa na umri wa miaka themanini na saba. Kifo cha Leonhard alikwisha kuambiwa, naye alikaa kando ya jiko la makaa. Annegret alipiga magoti mbele yake, akamwambia habari ya Mathes, yote, bila kupunguza.

"Muda wote huu," alisema bibi, "alikuwa hapa hapa?"

"Hapa hapa, mama. Malishoni."

Kizee alishika mkono wa kiti, akajiinua.

"Nipe koti langu."