Nilimpiga Kabla Hajamaliza Kuchora

Nina miaka sitini na mbili. Shule niliishia darasa la tatu, kwetu Muheza, na sioni haya kulisema. Wanangu wote wamesoma kwa jasho la mikono hii, na mikono hii hii ndiyo iliyomtoa mtu jicho mjini Doha. Sitaki huruma ya msomaji yeyote. Nataka mnisikilize tu.

Qatar nilikwenda kubeba vyombo vya watu. Kampuni yetu ilihamisha matajiri, leo jumba hili, kesho ghorofa lile la kule The Pearl, na makochi yao hayapiti mlangoni mpaka uyafanyie ujanja. Nilianza kwa kubeba, nikaishia kuwa foromani. Hakuna aliyenishika mkono.

Kikosi changu kilikuwa na Wanepali, Wabangla, Waganda na sisi tunaozungumza Kiswahili. Mwanzoni nilikuwa napiga kelele, "Shwai shwai!", yaani polepole, na kioo kinapasuka vilevile. Siku moja nikaikunjua katoni tupu, nikachora kwa makapeni, ile kalamu nene ya wino: ngazi, kabati, na watu wanne, mkono wa kila mtu ushike wapi. Walinicheka kwa vichwa nilivyochora kama viazi, lakini kabati lilipita bila mkwaruzo.

Tangu hapo ukuta wa ghala letu ukajaa katoni. Mgeni akija hatukuhangaika kumweleza kwa mdomo, alipelekwa ukutani akatazame. Na tukiharibu kitu, kesho yake asubuhi tulikaa chini, kila mmoja na katoni yake, akachora alichokiona kwa macho yake. Hakuna kusemezana. Hakuna kuchungulia cha mwenzako mpaka wote wamalize. Sheria hiyo niliiweka mimi.

Katika wote hao, aliyeushika mchezo alikuwa Wafula, Mkenya wa Bungoma. Tulilala chumba kimoja kambini. Ijumaa yeye alikwenda kanisani Mesaimeer, mimi msikitini, jioni tukakutana kwenye sufuria moja la ugali. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Kuchora nilimfundisha mimi. Nilimwambia aanze na watu, maana mtu ndiye anayeumia. Vitu baadaye, na mwisho kabisa pale kamba ilipofungwa. Nikimharakisha alinijibu, "Mzee, tulia. Sofa haina mama wa kuililia. Wacha nimalize watu kwanza."

Kumbukeni maneno hayo, maana mimi niliyasahau siku niliyoyahitaji.

Siku hiyo tulikuwa tunashusha sefu la chuma kwa ngazi za ndani za jumba moja. Mimi na Wafula tulikuwa juu. Bahadur, kijana wa Kinepali, alikuwa chini akiliongoza, na wenzake wawili, Mbangla na Mganda, ubavuni. Mkanda uliofungwa sefu niliuzungusha kwenye reli ya ngazi, kile chuma cha kushikia, ncha ya mkanda nikaishika mwenyewe. Reli niliitikisa kwanza kwa uzito wangu wote. Ilikuwa imara... au ndivyo nilivyoona.

Tulipofika katikati, reli iling'oka ukutani na boliti zake. Mkanda ulinichomoka viganjani ukaondoka na ngozi. Sefu likashuka. Bahadur hakuwahi hata kuita. Lilimbana mguu kwenye ukuta, mfupa ukatokeza nje ya suruali, na damu ikawa inateremka ngazi moja baada ya nyingine. Tulilisukuma lile sefu huku yeye akiung'ata mkono wake mwenyewe. Hospitali waliukata mguu juu ya goti.

Mwenye nyumba akasema reli yake ilikuwa nzima. Kwamba foromani ndiye aliyeachia mkanda, sefu likaivuta reli. Mudiri, yaani meneja wetu, aliniambia usoni kwamba ikiwa niliachia, nitajibu polisi kwa mguu wa Bahadur, na kazi sina. Ikiwa sikuachia, wenzangu walikuwepo, watachora kesho asubuhi.

Sikuogopa. Nilijua mikono yangu ilifanya nini. Lakini jioni Salum, mtunza ghala, Mzanzibari mwenye ulimi usiolala, alinivuta pembeni.

"Mzee, kaa macho. Mkenya wako yumo kwa mudiri."

"Anafanya nini?"

"Mie ntajuaje? Ila mtu haendi kwa bwana mkubwa kumsifu foromani. Kiti chako hicho kishapata mkaaji."

Nikamwambia aende zake. Yeye akaenda, maneno yakabaki. Wafula aliporudi chumbani aliniuliza, "Mzee, umekula?" Nikageukia ukutani, nikajifunika shuka. Kwa nini sikumuuliza alikotoka? Swali moja tu... Kiburi, ndugu zangu. Mimi si mtu wa kuwauliza vijana niliowafundisha.

Asubuhi tulikaa sakafuni ghalani, mudiri amesimama mlangoni. Nilimaliza kuchora mapema, nikainuka kama nanyoosha mgongo, nikapita nyuma ya Wafula. Nikachungulia.

Alikuwa amechora sefu limemlalia Bahadur. Alikuwa amechora Mbangla na Mganda wameshika vichwa. Na juu ya ngazi alikuwa amenichora mimi, kofia yangu na tumbo langu, mikono nimeitupa pembeni, mitupu! Hakuna mkanda. Hakuna reli. Mtu mzima aliyeachia mzigo akautazama ukimponda mwenzake.

Damu ilinipanda nikaona giza. Karibu yangu palikuwa na kile kifaa cha kubandikia selotepu kwenye katoni, chenye meno ya chuma ya kukatia. Nilikinyakua nikampiga nacho usoni. Meno yaliingia kwenye jicho. Alianguka chali, makapeni bado mkononi, na mimi nikaukanyaga mkono ule kwa buti lenye chuma mbeleni. Nilisikia vidole vikivunjika, kama unavyosikia vijiti vya kuwashia moto.

Akasema, damu inamwingia mdomoni, "Mzee... sijamaliza. Reli bado."

Nilimsikia. Nawaambieni kweli, nilimsikia vizuri. Na nikampiga tena.

Walinitoa juu yake watu watatu. Nikiwa nimefungwa mikono kwa mkanda wa kubebea makabati, mudiri aliziokota katoni za Mbangla na Mganda akanisimamishia mbele ya macho. Zote mbili zilionyesha boliti ziko nje ya ukuta, na mimi bado nimeung'ang'ania mkanda kwa mikono miwili. Jina langu lilikuwa limeshasafishwa. Kwa Wafula kulikuwa kumebaki reli na mkanda tu, maana yeye alianza na watu, kama nilivyomfundisha.

Na kwa mudiri alikwenda kufanya nini? Alikwenda kuomba gari la kumpelekea Bahadur nguo hospitalini.

Kesi ya sefu ilimwangukia mwenye nyumba. Yangu ilikuwa jicho. Nilifungwa, nilipotoka nikarudishwa nyumbani na nguo nilizovaa. Wafula naye alirudi Bungoma na jicho moja na vidole visivyokunjika. Nani atamwajiri kubeba vitu vya watu?

Mwaka jana niliipata namba yake. Nilipiga. Mimi niliyewahi kutukana wakubwa bila kupepesa, nililia kama mtoto, nikamwomba msamaha. Aliniacha nimalize yote. Kisha akasema, taratibu, "Mzee, mimi sina kisasi na wewe. Hiyo nilishamwachia Mungu. Lakini hii namba uifute." Akakata.

Nimeifuta.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mlio wakubwa wa kazi, mnaowaambia vijana wenu, "Tuonyesheni mlichokiona." Ni jambo jema hilo, na mimi lilinifaa miaka mingi. Lakini ukishamwambia mtu akuonyeshe, kaa chini umngoje. Usimchungulie juu ya bega huku umeshajaa maneno ya mtu mwingine. Kama una shaka naye, muulize kwa mdomo wako, hata kama ni mtoto kwako, hata kama uliyemfundisha ni wewe. Mimi niliona kuuliza ni kujishusha. Sasa nakaa barazani kwangu Muheza, nyumba ya matofali niliyoijenga mwenyewe, wajukuu wakiniuliza yule rafiki yangu wa Kenya niliyekuwa nikiwasimulia yuko wapi, nawaambia hatuzungumzi. Wakiniuliza kwa nini, naingia ndani.