Jina Ubavuni mwa Sichoki

Rafiki yangu Verdiana, wa Kawajense, huchonga vimodeli vya maboti. Haya alinisimulia mwenyewe, bila kucheka.

Kaka yake Abednego alizama ziwani, Karema, pamoja na boti lake lililoitwa Sichoki. Kwa ajili ya misa ya kumbukumbu, Verdiana alilichonga boti hilo upya, dogo, kwa kipande kimoja cha mninga kisicho na uwazi ndani. Mchana mmoja wa mvua akaingia stoo kubandika jina. Baba yake mdogo, Baltazari, akasimama mlangoni.

"Jina la boti lililozama haliandikwi tena, mama. Unataka aitike?"

"Aitike! Nina maneno naye. Nyie hata kumtaja mnaogopa."

Mzee akaondoka. Verdiana akailowesha stika ya jina, ile inayobandikwa kwa maji, akaitelezesha ubavuni mwa boti. Ikadondoka. Akairudisha, ikadondoka tena. Mara umeme ukakatika, na kwa lile wingu la mvua, stoo ikawa giza tupu.

"Sitoki hapa," akasema, akaikandamiza stika kwa kidole gumba.

Ndipo akasikia ngo, ngo, ngo, ndani ya ule mti. Kisha maji yakapiga polepole, pwa, pwa, chini ya mkono wake. Hakuondoa kidole.

"Gonga utakavyo. Jina linabaki."

Kukawa kimya. Umeme uliporudi, stika ilikuwa imeshika vizuri. Juu yake, kwenye ukingo wa boti, palikuwa na alama mbili za viganja vilivyolowa, vidole vitano vitano, kila kiganja kidogo kama punje ya mchele.