Suti ya Kijivu ya Mheshimiwa

Mwaka elfu mbili, mwezi wa Aprili, televisheni mjini Moshi bado zilikuwa za kuhesabika. Kwa hiyo Jumamosi mchana, wakati wa marudio ya mchezo wa kuigiza wa Mheshimiwa Ndelamio, kioo cha duka la redio karibu na stendi kilikuwa hakionekani kwa watu. Wauza nyanya, makondakta, masista wawili wa Kibosho, wote shingo juu. Na nyuma yao akasimama Salvina, fundi cherehani wa Njoro, gauni la kitenge cha njano alilojishonea mwenyewe, bunda la vitambaa kwapani. Alitazama dakika tano akachoka.

"Mheshimiwa gani huyu?" alisema, na Salvina hakuwahi kujua kunong'ona. "Anahonga, anafoka, anaiba kura. Si tunao hao? Hana hata kitu kimoja kinachomkosesha usingizi. Mwandishi wake mvivu."

"Mwandishi wake yuko nyuma yako," ikajibu sauti ya kiume.

Watu walicheka mpaka wengine wakasahau mchezo. Salvina akageuka. Kijana mrefu, macho ya usingizi, koti la kodrai lililokwisha viwiko.

"Pole, kaka," alisema, maana aibu naye hawakujuana sana. "Lakini koti lako nalo linahitaji fundi."

"Na wewe ndiye fundi?"

"Njoro, mlango wa tatu baada ya mashine ya kusaga. Lete koti. Mheshimiwa wako mtafutie fundi mwingine."

Jumatatu asubuhi koti lililetwa, na mwenye koti hakuondoka hadi jioni. Jina lake Eliamini, Mlutheri wa Marangu, alisomea sanaa za maonyesho Dar, akarudi nyumbani na kikundi cha waigizaji kumi na kamera moja. Wanarekodi Moshi, kanda zinapanda basi kwenda kituo cha Dar. Alikuwa akikaa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa, Salvina anakanyaga cherehani, naye anaongea. Jamani, alikuwa anaongea!

"Sikiliza, Salvi. Wayunani wa kale hawakuonyesha mtu mbaya akiadhibiwa, hilo hata mahakama inafanya. Walimweka jukwaani mkubwa, mtu anayeheshimiwa, mwenye doa moja alilolificha. Mji mzima unaugua kwa ajili ya doa lile. Yeye ndiye anapiga kelele mkosaji atafutwe, kumbe anajitafuta mwenyewe. Siku akijua, anaanguka."

"Na hao wamama wa kilabuni kwenye mchezo wako, wanaosema wote kwa pamoja kama kwaya?"

"Ndiyo kwaya yenyewe! Kule walikuwa wazee wa mji, mimi nimeweka wamama na kata zao za mbege, pombe yetu ya ndizi. Wafalme wamekwisha, mpenzi, lakini wabunge tunao."

"Nani mpenzi wako?"

"Samahani. Fundi."

"Endelea tu na lile la kwanza," alisema Salvina, uso kwenye cherehani.

Basi mambo yakawa mambo. Akitoka kurekodi anapiga simu ya duka la jirani, mwenye duka anapaza sauti "Salvinaaa, Wayunani wako!" na mtaa mzima unacheka. Salvina alipenda kweli, si mchezo. Alikuwa na miaka ishirini na tatu na hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza namna ile, ametulia, macho hayamtoki, kana kwamba kila neno lake linawekwa mahali salama. Wakakubaliana uchaguzi ukipita Eliamini atapeleka wazee kwao Kilema. Kabla ya uchaguzi haifai. Baba yake Salvina, Mzee Sirili, diwani wa miaka mingi, mtu wa kaunda suti ya kijivu na misa ya kwanza, mwaka ule alikuwa anautaka ubunge.

Jumapili moja ya Juni, sahani ya ndizi na nyama mbele yao, Eliamini aliuliza, "Nasikia baba yako alikuwa na kaka. Mbona hukumtaja kamwe?"

Salvina alisukuma sahani kando. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia padri.

Alikuwa na miaka tisa. Baba na kaka yake mkubwa, Primus, walikuwa wamegombana kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, mkosaji akiwa Primus. Asubuhi moja Primus alikuja getini na isale mkononi, lile jani refu la kijani la kuombea msamaha, amelifunga fundo. Kule mlimani ukiletewa isale huna ujanja. Hata kama mtu amekuulia mtoto, unalipokea, mnakunywa mbege pamoja, yamekwisha. Mzee Sirili alilitazama jani, akalichukua, akalitupia ng'ombe. Salvina aliona yote akiwa kwenye mibuni. Kabla ya masika kwisha Primus akafa. Nyumbani jina lake halikutajwa tena.

"Usimwambie mtu, Elia."

"Nimwambie nani?" Eliamini alimshika mkono.

Wiki iliyofuata alikuja na kazi. Mheshimiwa Ndelamio anahitaji suti mpya. Kaunda, ya kijivu, mifuko minne, kola pana kidogo. Salvina aliishona kwa mapenzi yake yote, akaiwekea na kitambaa cha ndani ambacho hakuna kamera ingekiona. Ilipokwisha akaitundika ukutani, na kila alipoinua kichwa moyo ulimruka, asijue kwa nini.

Alijua Agosti. Jumapili, saa moja jioni, sebuleni kwao Kilema, majirani wamejaa mpaka mlangoni kwa sababu televisheni ya diwani ndiyo ilikuwa pekee pale. Mheshimiwa Ndelamio alitoka kwenye nyumba yake ya mchezo amevaa suti ya kijivu. Getini kasimama kaka yake na isale. Mheshimiwa akalichukua. Akalitupia ng'ombe.

Hakuna aliyekohoa. Wamama wa kilabuni kwenye televisheni wakasema kwa pamoja, "Mae! Amekata mti aliokalia." Majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja bila kumtazama mwenye nyumba. Mzee Sirili alibaki kwenye kiti, suti ileile, kola ileile.

"Nani alimwambia?" aliuliza hatimaye.

Salvina alianza kuokota vikombe vya majirani. Mama yake, Mektrida, alimtazama binti yake, akaelewa, akaingia jikoni.

Kesho yake Salvina alipiga simu mwenyewe.

"Sikutaja jina, mpenzi," alisema Eliamini.

"Ulinishonesha suti yake! Mimi mwenyewe, mikono yangu, nimemvalisha baba yangu aende kuaibika!"

"Salvi, ni sanaa. Watu wa Dar wanasema hawajawahi kuona—"

"Mwisho wake nini?"

"Utauona mwenyewe, Salvi."

"Eliamini, mwisho wake nini?"

"Anajitupa korongoni. Akijua lazima aanguke, nilikwambia. Ndivyo ilivyo tangu kale."

"Badilisha."

"Kanda zimeshapanda basi."

Salvina akaweka simu chini. Kihamba chao kinaishia kwenye korongo.

Wiki mbili zile msimwombee adui yenu. Mikutano ya kampeni ikapoa, na Mzee Sirili akipita, kilabuni wanawake wananyamaza wote kwa pamoja kama wamefundishwa. Hakugombana na mtu. Alikula kidogo, akavaa suti, na kila jioni alishuka migombani akasimama ukingoni mwa korongo mpaka ubaridi umrudishe. Salvina alifunga duka Njoro akahamia nyumbani. Akishuka baba, naye anashuka, anajifanya anakata majani ya ng'ombe. Hofu yake ilikuwa moja tu: Jumapili ya mwisho ya mchezo baba ataona jinsi ya kujimaliza.

Jumapili hiyo saa tisa alasiri mbwa walibweka. Getini alisimama Eliamini, koti la kodrai limepigwa pasi, mkononi isale limefungwa fundo.

Mzee Sirili alitoka. Wakatazamana, Salvina akiwaona kutoka kibarazani. Pale pale baba yake aliposimama miaka kumi na minne nyuma.

"Shikamoo, meku," alisema kijana, kama wazee wanavyoitwa mlimani. "Nimekukosea. Nimekuja kuomba."

Mzee alilitazama jani muda mrefu. Kisha akalipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba. Mektrida, lete mbege."

Walikunywa kata moja. Mzee akafuta mdomo, akauliza, "Jamaa yako anaishaje leo?"

"Anajiua, meku. Baada ya kujua alichofanya."

"Uongo mtupu." Mzee alisema bila hasira. "Mtu hafi kwa kujua. Mimi nilijua siku ileile, kabla ng'ombe hajamaliza kutafuna. Nimekula nako, nimelala nako, nimepigiwa kura nako. Kule korongoni nilikuwa namwambia Primus maneno, ndipo alipozikwa, kule chini. Mlidhani nini?" Akamgeukia binti yake. "Na wewe, majani ya ng'ombe unayaharibu tu."

Salvina alilia kwa sauti, mama yake akamshika. Mzee alisema kesho atajitoa kwenye ubunge, halafu ataenda Himo kwa watoto wa Primus, na isale lake mwenyewe. Ilipofika saa moja hakuna aliyewasha televisheni.

Salvina alimsindikiza mgeni hadi getini. Eliamini alikuwa mwepesi, karibu anacheka.

"Yamekwisha, mpenzi! Jumamosi naleta wazee. Mama yangu atafurahi, hata kama wewe ni Mkatoliki."

"Mimi umeniomba lini?"

"Kukuoa? Si tulisha—"

"Msamaha."

"Lakini mzee amesamehe."

"Mzee amesamehe la kwake. Ile siri ilikuwa yangu, Elia. Nilikupa wewe. Umetoka Marangu mpaka hapa unafikiria uliyemkosea ni nani, na mimi hukuniona. Wewe uliyenifundisha habari za wanaojitafuta wenyewe!"

"Basi naomba sasa. Salvi, nisamehe. Nakupenda."

"Najua," alisema, na alijua kweli, na yeye alimpenda. "Nenda nyumbani. Na haya ya leo, baba yangu na Primus, usiyaandike. Niahidi."

Eliamini alifungua mdomo kuahidi. Salvina alikuwa anamtazama, na akamwona ametulia ghafla, macho hayamtoki, anamsikiliza kama zamani zile za Njoro, kila neno linawekwa mahali salama. Hapo akajua ameshaanza kuandika.

Akafunga geti, akarudi ndani kumsaidia mama yake kuosha vyombo.