Kikapu cha Shangazi Philomène

Meli ilifika Kisangani Jumatatu asubuhi. Shangazi Philomène akashuka na kuku mmoja, mkeka, na furaha ya kutosha watu kumi. Alitoka Basoko. Mji huu alikuwa hajauona, na kesho saa sita meli ingerudi naye.

Aliyempokea ni Emile, mtoto wa kaka yake. Emile alikuwa seremala hodari, hasa katika kusifu kazi yake mwenyewe.

“Bon, Shangazi, leo tunaenda musée! Iko nyumba kubwa, wanatunza vitu vya zamani. Zile kabati za vioo, mimi ndiye nilitengeneza!”

“Tumupeleke kwa Wagenia, wale wavuvi wa kwenye maporomoko,” alisema Georgette, mke wake.

“Mutu ametoka kwa wavuvi, umuonyeshe samaki tena?”

Shangazi alifungua kinywa aseme neno. Emile alikuwa ameshavaa kofia.

Walitembea juani, Georgette na viatu vyake vya kisigino. Walipofika, mlango ulikuwa umefungwa.

“Jumatatu hatufungui,” alisema mlinzi. “Kesho mchana.”

Emile alichungulia dirishani aone walau pembe ya kabati. Hakuona kitu.

Walirudi nyumbani jua likizama. Jirani yao Mama Madina alikuwa akikaanga mikate mbele ya mlango wake. Alikuwa amezoea kupokea wageni kutoka Maniema na kuwatembeza mjini. Alipowaona wanachechemea, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

“Papa Emile, musée imekimbia?”

“Imefungwa, Mama Madina. Nilifanya kazi mule mwezi muzima, sikujua!”

“Wewe ulikuwa unaingia siku za kazi yako. Mugeni anaingia siku za wageni. Alors, Shangazi mwenyewe anataka kuona nini? Mulimuuliza?”

Georgette alimgeukia Emile. Mafuta yalilia kwenye sufuria.

Shangazi akasema polepole, “Baba yangu alikuwa mupiga kasia. Alituambia, Kisangani watu wanatembea juu ya miti iliyosimikwa katikati ya maji makali, wanavua na kikapu kinachomeza mutu muzima. Basoko yote ilimucheka. Mpaka anakufa walimuita Papa Uongo. Tonton yako Hubert, bwana yangu, anamucheka mpaka leo. Mimi nimekuja kuona.”

Emile alivua kofia.

“Sasa mupime,” alisema Madina. “Musée iko na kivuli, na mutu wa kukueleza. Vitu vya mbali unaviona karibu, hata mvua ikinyesha. Lakini iko na siku zake na saa zake, na kitu kimekaa tu nyuma ya kioo. Kwa Wagenia hakuna mulango. Unaona kazi yenyewe, palepale inapofanywa tangu wazee wao. Lakini mawe yanateleza, na vikapu wanavuta asubuhi na jioni. Ukifika mchana, utaona miti tu. Tena pale iko kwa watu, unasalimia mukubwa wao kwanza.”

“Ipi iko nzuri zaidi?” aliuliza Georgette.

“Zote nzuri, lakini siku hamuna. Kesho musée inafunguliwa, na meli inaondoka. Donc, munachagua nini?”

“Wagenia, asubuhi na mapema!” Georgette alipiga makofi.

“Na hivyo viatu?”

“Vitalala nyumbani!”

Kesho yake, jua likichomoza, Emile alimsalimia mkubwa wa wavuvi na kuomba ruhusa. Maji yalinguruma mpaka watu walisema kwa kupiga kelele. Vijana walipita juu ya miti kama wako barabarani. Wakavuta kikapu. Samaki akaruka ndani, akimetameta!

Shangazi aliweka mikono kichwani. “Papa! Papa, hukusema uongo!”

Mkubwa wa wavuvi alipoambiwa habari ile alicheka sana. Akaonyesha kikapu kikavu kilicholazwa juu ya jiwe.

“Mama, ingia.”

Aliingia mzima mzima, na kilemba chake. Ikatoka sauti tu: “Hubert! Uko wapi uone!”

Emile akatandaza kamba kutoka mdomo wa kikapu hadi mkiani, akaikata hapo. “Wakikataa, uwaonyeshe hii. Waambie seremala amepima.”

Saa sita meli iliondoka. Shangazi alisimama juu yake, kamba shingoni kama mkufu, akinuka samaki na kucheka.

“Emile!” alipiga kelele. “Mwaka kesho tutaona kabati zako! Lakini uliza siku za mulango kwanza!”